Pete ya Tatu

Siku niliyoapa kwamba Bwana Usahihi atanitambua, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya tanuri, nimeshika brashi ya vumbi. Ilikuwa kesho yake baada ya dada yangu kukimbizwa hospitali macho yakiwa yameungua, na mimi nilikuwa nimetumwa kusafisha. Nilifungua mlango wa tanuri, nikavuta trei, nikaziona pete tatu zimelala juu yake, nyeupe pe. Nilizihesabu mara mbili, nikabaki pale pale chini.

Ili uelewe kwa nini weupe ule ulinishtua, lazima nikueleze kazi yetu, nami sitakuchosha. Tulikuwa tunatengeneza kauri, lakini si ya udongo. Tulianza na polima, kitu cha majimaji chenye umanjano hafifu, ukikiona kwenye chupa utadhani mafuta ya kupikia. Ndani yake silikoni na naitrojeni zimeshikana, na kaboni imo pia. Unaimimina kwenye kalibu, unaipasha moto kidogo mpaka igande na kuwa ngumu kama ukucha. Halafu unaitia tanurini mahali pasipo na hewa, unapitisha gesi, na unapandisha joto polepole hadi nyuzi elfu moja. Kinachotoka si plastiki tena. Ni kauri ngumu kuliko chuma, isiyojali moto, na imesinyaa robo nzima. Fundi mpya akiona pete yake imetoka ndogo huanza kupekua tanurini akiitafuta ile aliyoiweka.

Sasa, gesi ndiyo inayoamua rangi. Ukipitisha naitrojeni, kaboni inabaki ndani na pete inatoka nyeusi tii. Ukipitisha amonia, amonia inaibeba ile kaboni na kuondoka nayo, pete inatoka nyeupe. Ila amonia lazima iingie mapema, joto likiwa kwenye nyuzi mia nne hivi. Ukishapita mia saba kauri imeshajifunga. Hapo hata ukiifungulia mtungi mzima wa amonia, umechelewa, na pete itabaki nyeusi.

Jana yake jioni Bwana Usahihi alikuwa ametukusanya mafundi wote akatueleza kilichotokea. Jina hilo tulimbandika sisi. Alikuwa mkuu wa maabara, mtu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa kumgusa, na kila sentensi yake ya pili ilikuwa "usahihi kwanza". Ukikosea nusu gramu alikusomea risala. Akikosea yeye, kosa lilitafutiwa mwenyewe. Alisema kwamba siku ile aliliwasha tanuri yeye mwenyewe saa moja asubuhi, akaliendesha kwa naitrojeni mpaka saa tano, akamkabidhi dada yangu zamu. Saa sita mchana, tanuri likiwa limefika nyuzi mia tisa, dada akiwa peke yake, akafungua koki ya amonia bila ruhusa, kwenye bomba jipya ambalo lilikuwa bado halijapimwa kwa povu la sabuni kama linavuja. Gesi ikamrukia. "Haraka zake ndizo zilizomponza," akasema, na akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, yule mnafiki.

Kama amonia ingekuwa imefunguliwa saa sita, pete zingekuwa nyeusi. Na mbele yangu zilikuwa nyeupe.

Nilichukua daftari la zamu lililokuwa limening'inia ukutani. Saa moja hadi saa tano, naitrojeni, na chini yake sahihi yake ndefu yenye mikia. Kwa kasi tuliyokuwa tukipandisha joto, tanuri lilipita nyuzi mia nne saa tatu na robo. Aliyekuwa chumbani saa tatu na robo ni yeye, peke yake. Amonia aliifungua yeye, akaandika naitrojeni.

Na spana ilikuwa bado sakafuni, pamoja na kipande cha waya. Hapo nikaona kila kitu kana kwamba nilikuwepo. Bomba la kutolea gesi lilikuwa na tabia ya kuziba kwa ungaunga unaotoka kwenye polima. Likiziba, tulilegeza nati, tukainama uso karibu ili tuone, tukachokoa kwa waya, tukakaza. Nusu dakika tu. Kwa naitrojeni, ambayo haina harufu wala haiwashi macho, sote tulifanya hivyo, na dada ndiye aliyetufundisha. Kwa amonia hakuna mwendawazimu ambaye angethubutu kabla ya kufunga mtungi na kuvaa barakoa na miwani. Dada alisoma daftari, akaona naitrojeni, akainama.

Nikasikia viatu vya Bwana Usahihi kwenye korido. Niliokota pete moja nikaisokomeza ndani ya soksi, maana mifuko ya koti la kazi ilikuwa inakaguliwa mlangoni.

"Ziko wapi?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Hizi hapa, bosi."

"Zipo mbili. Daftari linasema tatu."

"Moja ilipasuka, bosi. Nimeifagia."

Pete zilikuwa zikipasuka kila wiki, kwa hiyo hakuwa na la kuuliza. Alizitia zile mbili mfukoni, na mpaka leo hajazaliwa mtu aliyeziona tena. "Pole sana kwa dada yako," akasema. "Ndiyo maana nasema kila siku, usahihi kwanza." Nilimwitikia asante bosi. Nilisema asante, nikaendelea kufagia.

Nyumbani niliitoa ile pete nikaiweka chini ya taa. Upande wa ndani ulikuwa na maandishi madogo: namba tatu, tarehe ya siku ile, na alama ya dada, herufi mbili za jina lake zilizofungwa pamoja. Hiyo ndiyo desturi yetu. Kabla ya kuchoma, wakati polima imeganda lakini bado inakubali sindano, unachora namba, alama yako na tarehe ya kuchomwa. Ikishatoka tanurini sindano haifui dafu tena, na maandishi yamesinyaa sambamba na pete. Huwezi kuyaghushi wala kuyafuta. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kabatini nyuma ya shuka.

Dada hakuona tena. Gesi ilipompiga alirudi kinyumenyume, akaanguka, akagonga kisogo kwenye mguu wa meza ya chuma, na asubuhi yote ile ikafutika kichwani mwake. Anakumbuka alivyofunga kamba za viatu nyumbani. Baada ya hapo anakumbuka bandeji. Siku ya nne hospitalini aliniuliza, "Mdogo wangu, hivi kweli mimi niliifungua ile koki?"

"Pumzika kwanza, dada," nikamwambia.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia pale pale, wala sikuipeleka pete kwenye kamati ya uchunguzi. Kamati alikuwa anaiongoza yeye mwenyewe Bwana Usahihi, na wajumbe wake wote walikuwa wanakula mezani kwake. Pete ingeingia kwenye bahasha, bahasha ingeingia kwenye droo, na mimi ningemwaga unga kabla ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni sababu ya kwanza, na ni ya kweli. Ya pili ni kwamba dada yangu ni mtu wa kusamehe. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Ningemwambia, angelia siku mbili, halafu angesema tumwachie Mungu, na mambo yangeishia jikoni. Sikutaka yaishie jikoni. Nilitaka yule mtu aanguke mbele ya watu, tena watu anaowanyenyekea, na nilitaka ajiangushe kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamweka kiporo.

Mdomo wenyewe alikuwa nao. Kila mgeni aliyekuja alipewa onyesho lile lile. Bwana Usahihi alipanga pete nyeupe na nyeusi mezani, akaeleza habari ya amonia na kaboni, halafu akamalizia kwa majivuno: "Mafundi wangu hawawezi kunificha kitu. Hata wakipoteza daftari, nikatieni kipande kimoja nitakuambieni gesi gani iliingia na joto lilikuwa nyuzi ngapi." Wageni wakapiga makofi. Na aliyekuwa akimkatia vipande kwa msumeno wa almasi ni mimi. Kukata na kung'arisha ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kila aliposema maneno yale nilihisi kabati langu la nyumbani linaniita.

Baada ya miezi sita walikuja wakaguzi wawili. Niliibeba pete kwenye soksi siku hiyo, kisha nikawaona wakikumbatiana na Bwana Usahihi na kuulizana habari za watoto, nikairudisha. Mwaka ulipotimia pakawa na mkutano wa wafanyakazi wote, na walikuwepo watu wa idara nyingine wasiomwogopa. Hapo ningeweza. Sitaki kudanganya, hapo ningeweza kabisa. Lakini ukumbi ulikuwa nusu mtupu, nikaona hadhira haitoshi. Nilitaka siku ambayo ana kitu kikubwa cha kupoteza.

Kila Jumapili nilikwenda kumwona dada. Shemeji, mume wake, alikuwa mtu mzuri lakini alichoka, na mtu akichoka ulimi nao unalegea. Siku moja sufuria ilimwangukia dada jikoni, na shemeji akasema kutoka sebuleni, "Angalau leo hukuwa na haraka." Dada alipiga magoti akapapasa sakafu akikusanya maharage moja moja, mimi nikimsaidia. Huyu alikuwa fundi ambaye mikono yake ilimimina polima kwenye kalibu bila povu hata moja, watu wakija kutazama. Sasa alikuwa hawashi jiko, hashiki kisu, hamenyi hata chungwa. Binti yake akimlazimisha, anasema, "Mikono yangu siiamini tena, mwanangu. Ilishaniponza." Nilikuwa nikisikia hayo, damu inanichemka, na namna nilivyokuwa nimeumbwa hasira yote ilikuwa inakwenda upande mmoja tu. Nilirudi nyumbani nikafungua kabati, nikaishika pete, nikajiambia kwamba na hili nalo atalilipa.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha, habari zikaenea kwamba Bwana Usahihi anapandishwa kuwa mkurugenzi wa taasisi nzima. Bodi yote ingekuja kutembelea maabara kabla ya kumthibitisha. Mwenyekiti mpya wa bodi alikuwa mhandisi mstaafu, mama mmoja mfupi wa sauti nene, na nilisikia hakuwa anamjua Bwana Usahihi wala hakuwa anacheka ovyo. Nililala usingizi mzuri wiki ile nzima.

Walikuja saa nne asubuhi, watu kumi na mmoja. Bwana Usahihi alikuwa amevaa koti jeupe jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Akawaonyesha polima kwenye chupa, akawaonyesha kalibu, akawapitisha mbele ya tanuri. Walipofika mezani kwangu akaanza onyesho. Alisema yote, neno kwa neno kama kawaida yake, mpaka akafika mahali pake.

"Hata wakipoteza daftari, nikatieni kipande kimoja nitakuambieni gesi gani iliingia na joto lilikuwa nyuzi ngapi."

"Kweli unaweza?" mwenyekiti aliuliza.

"Bila shaka, mama mwenyekiti."

"Tumjaribu," nikasema mimi, na nikacheka kidogo ili ionekane utani wa karakana. "Ninazo pete tatu hapa. Bosi hajui zimetoka siku gani."

Watu walifurahi. Hakuna mkubwa anayekataa kujaribiwa kwenye kitu anachokijua, hasa mbele ya wakubwa zake. Alikunja mikono ya koti akasema, "Kata, fundi."

Nilikata ya kwanza. Ilikuwa nyeusi yote, akasema naitrojeni mwanzo hadi mwisho. Nikafungua daftari, ikawa kweli. Makofi. Nikakata ya pili, ganda jeupe na kiini cheusi. Akasema amonia iliingia ikakatwa mapema, pengine mtungi uliisha. Daftari likasema mtungi uliisha. Makofi tena, na sasa kichwa kilikuwa kimemvimba barabara. Nikaifunga ya tatu kwenye msumeno. Nilikata upande usio na maandishi, maji ya kupoozea yakitiririka, nikaifuta kwa kitambaa nikampa yeye mkononi.

Aliiinua kwenye mwanga. "Hii ni safi sana," akasema. "Tazameni, nyeupe hadi katikati, hakuna hata doa. Hapa amonia iliingia nyuzi mia nne, si zaidi, na ikapita bila kukatizwa mpaka juu kabisa."

"Haiwezekani ilifunguliwa mwishoni, bosi? Tuseme nyuzi mia tisa?" niliuliza.

"Haiwezekani kabisa. Ingekuwa nyeusi. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua."

"Una hakika?"

"Fundi, nina hakika kuliko jina langu."

Nikampa mwenyekiti kioo cha kukuzia. "Mama mwenyekiti, ndani ya pete kuna tarehe. Naomba uisome kwa sauti."

Mwenyekiti alimnyang'anya pete, au tuseme aliipokea, huku Bwana Usahihi akiwa hataki kuiachia. Akasoma namba tatu. Akasoma tarehe. Akasoma zile herufi mbili. Mafundi waliokuwa wamesimama ukutani walitazamana, kwa sababu tarehe ile tuliijua sote. Nilifungua daftari la zamani kwenye ukurasa niliokuwa nimeukunja, nikaliweka mbele ya mwenyekiti, na ripoti ya kamati kando yake. Nikasema kwa sauti ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo kwa muda mrefu:

"Ripoti inasema dada yangu alifungua amonia saa sita, tanuri likiwa nyuzi mia tisa. Bosi ametuambia sasa hivi iliingia nyuzi mia nne. Nyuzi mia nne ilikuwa saa tatu na robo. Aliyesaini saa tatu na robo ni nani, mama mwenyekiti?"

Mwenyekiti alisoma daftari taratibu, kidole kikifuata mistari. Bwana Usahihi alisema kwamba sampuli zinaweza kuchanganyika, kwamba maandishi yanaweza kuchorwa baadaye.

"Kwa sindano?" mwenyekiti akamuuliza. "Kwenye hii?"

Jasho lilimtoka mpaka kola ya koti jipya ikalowa. Nilimtazama, na naomba nisijifanye mtakatifu, nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimtazama kama mtu anayekula taratibu ili chakula kisiishe upesi.

Mambo ya baadaye yalikwenda haraka. Ukurugenzi ukayeyuka siku hiyo hiyo, wiki ya pili akasimamishwa kazi, na bodi ikaandika ripoti mpya. Mwenyekiti aliniita ofisini akaniuliza kama kuna jambo jingine nataka. Nilikuwa nimeliandaa.

"Nataka aje nyumbani kwa dada yangu," nikasema. "Aje amwambie kwa mdomo wake, na alete barua ya bodi mkononi."

Alikuja Jumamosi saa kumi jioni. Pasi ilikuwa haijapita kwenye suruali yake. Shemeji alimpa kiti, akabaki amesimama mwenyewe karibu na dirisha. Dada alikuwa ameketi kwenye kochi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, uso ameuelekeza kidogo pembeni ya mahali mgeni alipokaa. Sikuwa nimemwambia chochote zaidi ya kwamba bosi wake wa zamani anakuja. Nilitaka asikie kutoka kwake. Nilikaa mahali ambapo ningeona nyuso zote mbili.

"Mama," Bwana Usahihi akaanza. "Siku ile amonia niliifungua mimi. Saa tatu asubuhi. Sikuandika kwenye daftari. Nilipokukabidhi zamu sikukuambia. Ulipolegeza nati ulijua ni naitrojeni kwa sababu mimi niliandika naitrojeni. Hukukosea kitu."

Shemeji aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Rudia hilo la mwisho," dada akasema.

"Hukukosea kitu."

"Tena."

"Hukukosea kitu, mama."

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Nilitaka kipande cheupe. Nilikuwa nasafiri keshokutwa yake, kwenda mkutanoni. Nilitaka kukionyesha."

"Ulikionyesha?"

"Hapana."

"Haya," dada akasema. "Umesema. Nenda."

Aliweka bahasha mezani akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza. Dada alikunjua vidole vyake akavikunja, akavikunjua tena, machozi yakimtiririka bila kelele. Shemeji alikwenda akapiga magoti mbele yake akashika mikono ile na kuiweka usoni kwake, akisema nisamehe, nisamehe mke wangu. Mimi nilikaa pale nikifikiri kwamba hii ndiyo saa niliyoifanyia kazi, na imekuja kama nilivyoipanga.

"Hicho kipande cheupe kiko wapi?" dada akauliza.

Nilimpa ile pete, mwenyekiti alikuwa amenirudishia. Alipitisha ncha ya kidole ndani yake, pole pole, mpaka akafika kwenye maandishi. Akatabasamu. "Mwandiko wangu. Nilidhani zilitupwa zote."

"Alizitupa mbili," nikasema, kifua mbele. "Hii niliiokoa mimi. Niliisokomeza kwenye soksi mbele ya pua yake!" Nikacheka.

Hakucheka. "Lini?"

"Asubuhi ile niliyotumwa kusafisha tanuri."

"Asubuhi ipi?"

"Ya kesho yake, dada."

Kidole chake kiliacha kuzunguka. "Na uliielewa lini?"

"Pale pale. Ilikuwa nyeupe."

Shemeji akainua kichwa akanitazama.

"Mwaka jana," dada akasema, "ndugu wa mume wangu walipokusanyika hapa, nikasimama mbele yao nikawaomba radhi kwa uzembe wangu, kwa mzigo niliowatwika. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nagawa soda."

"Na pete ilikuwa wapi?"

"Kabatini kwangu."

"Ukaendelea kugawa soda."

"Dada, nilikuwa namtafutia siku yake. Ningesema mapema wangeizima. Ungemsamehe, na yeye leo angekuwa mkurugenzi."

"Wangeizima huko kazini. Mimi ungeninong'oneza sikioni tu, hapa hapa, nikajua." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Yule aliandika uongo mara moja akakimbia. Wewe ulikuwa unakuja kila Jumapili. Unakaa hapo ulipokaa. Unanisikia."

Hasira yangu, ambayo kwa miaka miwili haikuwahi kukosa maneno, haikuwa na pa kwenda.

"Ukitoka," akasema, "mwambie binti yangu aje anisomee hiyo barua."

"Nikusomee mimi, dada. Niko hapa."

"Wewe, hapana."

Nilisimama, nikachukua bahasha mezani, nikampelekea binti yake aliyekuwa uani. Akaingia nayo ndani akafunga mlango. Nilibaki barazani, viatu mkononi, nikimsikia yule binti akimsomea mama yake, sentensi baada ya sentensi, yale yote niliyokuwa nikiyajua mimi.